Milioni Ishirini na Nne

Pale Mwanga, mjini Kigoma, nilijulikana kama mpigapicha asiye na pupa. Nikon ilipotoa kamera ya D3100 mwezi Agosti 2010, wenzangu walikimbilia kuagiza Dar es Salaam, nami nikabaki na kamera yangu kuukuu, kwa hoja kwamba kamera inapotoka mteja hulipia na ugeni wake, na ugeni huo huisha siku mdogo wake anapozaliwa. Baba mdogo, ambaye huuza migebuka na anajua kwamba samaki wa asubuhi na wa jioni hawana bei moja, aliniunga mkono kabisa.

Mdogo huyo, D3200, alitangazwa Aprili 2012, na pikseli, yaani nukta zinazounda picha, zikapanda kutoka milioni 14 hadi milioni 24. Nilikuwa nimeshatenga fedha za D3100 iliyotangulia, nikisubiri tu ishuke, wakati kamati ya harusi moja ya Ujiji iliponiita. Mwenyekiti wake, mjomba wa bibi harusi, alikuwa amesoma habari hizo kwenye simu.

"Bwana mpigapicha," alisema, "hatuwezi kumwoza binti yetu kwa milioni kumi na nne ilhali dunia imefika ishirini na nne."

Kisha akanilipa fedha zote kabla ya kazi, jambo ambalo katika biashara hii ni nadra kuliko kupatwa kwa jua, na mbele ya noti zile hoja yangu ya ugeni ikakosa mtetezi.

Kamera ilinunuliwa Kariakoo, ikaja kwa basi, na ndoa ikafungwa salama. Ili kamati ipate haki ya kila pikseli, nilipiga picha ghafi, yaani mafaili ya NEF, ambayo huhifadhi kila kilichonaswa kabla kamera haijakisindika kuwa JPEG, faili la picha la kawaida. Kesho yake kompyuta yangu ilinionyesha vimraba vya kijivu. Kila kamera mpya hupanga picha ghafi kwa namna yake, na programu yangu ya kuhariri, iliyotengenezwa kabla ya kamera hiyo kuzaliwa, haikuwa imefundishwa kuzisoma.

Kitabu cha maelekezo kilisema kwamba diski ya ViewNX 2, programu ya Nikon yenyewe inayosoma picha hizo ghafi, imo ndani ya boksi. Boksi lilikuwapo. Diski, kwa jinsi ilivyong'aa, ilikuwa imechukuliwa na mdogo wangu wa bodaboda na kufungwa nyuma ya pikipiki iakisi taa za magari. Nilimfuata hadi Kibirizi, nikaikuta ina tope, ina mikwaruzo, na ina tundu la pili alilolitoboa kwa msumari wa moto ili apitishe waya.

"Lakini kaka," alijitetea, "tundu la katikati lilikuwa kubwa mno."

Jioni niliitwa Ujiji nikaonyeshe kazi. Nilibeba kamera na waya wake wa video, kitu pekee cha boksi lile ambacho hakuna aliyekipatia matumizi mengine, nikaiunganisha na televisheni ya kichogo ya mjomba, maana kamera husoma yenyewe ilichokiandika. Picha zikatokea, vigelegele vikapigwa. Televisheni ya aina ile haionyeshi hata nusu milioni ya pikseli, lakini mwenyekiti alisogeza kiti, akavaa miwani, akatangaza mbele ya mashangazi wote kwamba tofauti inaonekana wazi.

Baadaye akagundua kuwa kamera yenyewe inaweza kugeuza picha ghafi kuwa JPEG, moja baada ya moja. Akanitaka tuanze usiku uleule, yeye akichagua. Ilipofika saa saba za usiku tulikuwa na picha nyingi sana zilizo tayari, zote za mwenyekiti, na bibi harusi alikuwa bado hajafikiwa.