Okteva na Kimya cha Toba

Mke wangu alipouona ujumbe wa malipo kwenye simu yangu, aliuliza swali moja tu: "Baba Neema, laki moja na themanini ya pedali? Na baiskeli yenyewe iko wapi?"

Sisi wapiga gitaa la besi tumezoea kutoeleweka. Kwenye kwaya yetu ya vijana (kijana mkubwa kuliko wote ana miaka arobaini na moja, naye ndiye mimi) mpiga solo anapigiwa vigelegele, mpiga kinanda anaitwa "mwalimu", na mpiga besi anaombwa asogee kidogo mama wa maua apite. Mtu wa namna hii akipata vijisenti ananunua kitu cha kukanyaga.

Tayari nilikuwa na ubao wa pedali, vile vidude vya kukanyaga vinavyobadilisha sauti ya gitaa. Niliutengeneza kwa kipande cha plaiwudi kilichobaki kwenye kabati la jikoni, nikakibandika ule utepe wa kunata wa viatu vya watoto. Juu yake zilikaa pedali mbili. Ya kwanza ni tyuna ya kulinganishia nyuzi. Ukiikanyaga inakata sauti yote, unatyuni kimya kimya bila mtu kujua. Ya pili ni kompresa, ambayo kazi yake ni kusawazisha sauti, na tangu niinunue hakuna muumini hata mmoja aliyewahi kugundua kuwa ipo. Kati ya hizo mbili palikuwa na pengo. Mwenye akili zake angeliacha pengo lipumzike.

Wiki tatu nilikuwa nikichagua. Nilianza na pedali ya kukwaruza sauti, nikaazima ya ndugu yangu wa solo. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba nyingi za aina hiyo zimetengenezwa kwa ajili ya gitaa la solo, nazo hukata sauti za chini makusudi ili solo lichomoze. Ukiiweka kwenye besi unabaki na nyuki ndani ya kopo. Nikahamia kwenye filta, ile inayofunguka kadiri unavyokaza kidole, ambayo mpiga besi Bootsy Collins aliifanyia maajabu kule Marekani. Inalia "kwak, kwak". Nikajaribu kuifikiria kwenye wimbo wa Meza ya Bwana, nikamwona bata anatembea katikati ya vikombe. Hapana.

Ikabaki okteva. Hii inachukua noti unayopiga na kuiongezea mwenzake okteva moja chini, yaani noti ileile kwa sauti nene zaidi, besi inakuwa kama imemeza besi nyingine. Roho yangu ilikuwa kwa Boss OC-2, ile ya kahawia iliyotoka mwaka 1982. Mfuko wangu ukanielekeza kwa binamu yake asiye na jina, kwenye duka moja la Kariakoo.

Muuzaji aliichomeka kwenye ampu ya mazoezi, spika ya inchi 8. "Sikia huo mzigo, bosi wangu!" Sikusikia mzigo wowote. Nikamwambia aongeze sauti ya chini. Akaongeza. Nikamwambia aongeze tena. Kitufe kikazunguka mpaka kikagota, ndipo nikasikia kitu kwa mbali, kama mtu anahamisha kabati nyumba ya tatu. Nikatikisa kichwa kitaalamu na kutoa simu nilipe.

Laiti ningetumia akili ya darasani. Uzi mnene wa besi, ule wa E, unatetemeka mara 41 hivi kwa sekunde. Ukishuka okteva moja unabaki na nusu yake, 20 na ushee, na sikio la binadamu lenyewe linaanza kusikia kwenye 20. Kaspika ka inchi 8 kangetolea wapi sauti hiyo? Tatizo halikuwa pedali kuwa dhaifu. Pedali ilikuwa inanguruma kwa nguvu zake zote, spika ndiyo ilikuwa inanifichia.

Na kanisani kwetu tuna masabufa mawili, zile spika za sauti nzito, ya inchi 18. Yalinunuliwa kwa mchango, na mzee wetu mhazina alipinga mpaka dakika ya mwisho. Siku yalipofungwa akatangaza kwamba kwa bei ile atakaa karibu nayo aisikie hela inavyolia. Tangu hapo kiti chake ni cha mbele kushoto, goti na sabufa.

Jumamosi umeme ulikatika, mazoezi hayakufanyika. Usiku nikapanga ubao kwa tochi ya simu. Ili okteva ienee pale katikati ilibidi tyuna isogee kushoto, upana wa kiganja. Jambo dogo. Sikumbuki hata kulifikiria mara mbili. Lakini mguu wangu una kumbukumbu zake za miaka sita, tena Jumapili huwa nimeuvalisha viatu vya harusi, vyenye ncha.

Ibada ya saa moja. Wimbo wa kuingia ukapita salama. Mchungaji akasimama, akasema kwa sauti ya upole: "Tunyamaze kidogo, kila mmoja wetu aungame dhambi zake kimoyomoyo."

Kanisa likatulia. Mimi nikaona ndiyo nafasi ya kutyuni. Nikakanyaga palepale mguu unapopajua. Taa nyekundu ikawaka. Nikaridhika, nikagusa uzi wa E na uzi wa A kwa pamoja, taratibu.

Hapa lazima nieleze kidogo tabia ya mnyama. Okteva za aina hii zinafanya kazi kwa kuhesabu mawimbi: yakipita mawili, yenyewe inatoa moja. Kwa hiyo inataka noti moja kwa wakati, tena safi. Ukiipa mbili kwa mpigo, au noti inayokata roho, hesabu inaipotea na inaanza kubahatisha. Kubahatisha kwake kuna sauti, na kila aliyewahi kulalia maharage anaijua sauti hiyo.

*Prrruuuuup.*

Haikutoka kwenye ubao wangu. Ilitoka chini ya goti la mzee mhazina. Sakafu ilitetemeka. Mama mmoja wa mstari wa pili aliacha kuungama za kwake, akafungua jicho moja.

Nikaduwaa, mikono juu, na huo ukawa ujinga wa pili, kwa sababu nyuzi nilizoziachia ziliendelea kulia zikififia, na okteva ikaendelea kuhesabu kwa shida:

*Prr... prr... pwe.*

Ndipo nikazikumbatia nyuzi zote nne kwa mikono miwili, kama mtu aliyemkamata kuku wa mnada. Jasho linanitoka. Kimya. Mpiga dramu ameng'ata fimbo yake, mabega yanaruka. Mchungaji hajainua uso, ila masikio nayaona yamebadilika rangi. Nikaanza kuamini yamekwisha.

*Puu.*

Fupi, kavu. Nikakaza mikono zaidi. Na katika kimya kile kitakatifu, sauti ya mtoto ikapanda kutoka nyuma: "Mama, babu ameungama!"

Sitasimulia yaliyofuata. Itoshe kusema kwamba Mchungaji alitangaza wimbo usio na namba, na mzee mhazina alitoka nje kwa mwendo wa mtu aliyekumbuka kitu nyumbani.

Nilimkuta baada ya ibada, kwenye mnada, amesimama peke yake kando ya mikungu ya ndizi. Watu walikuwa wanamsalimia kwa heshima iliyozidi kiasi. Moyo ukaniuma. Nikamsogelea.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba."

"Mzee, nimekuja kuomba radhi. Zile sauti zilikuwa zangu. Yaani, za pedali yangu mpya. Nilikanyaga vibaya. Nitasimama mbele ya usharika niseme."

Akanitazama muda mrefu. Nikamweleza yote, tyuna, okteva, mawimbi mawili kutoa moja. Alinisikiliza kwa makini kuliko alivyowahi kusikiliza habari yoyote ya kwaya.

"Kwa hiyo hicho kidude kinalia wakati nyuzi zinatetemeka."

"Ndiyo, Mzee."

"Na ukizishika?"

"Nikizishika hakiwezi kulia kabisa."

"Ulizishika baada ya sauti ya ngapi?"

Nikafikiri. "Ya pili, Mzee."

Mzee mhazina akageuka, akatazama kulia, akatazama kushoto. Akanishika bega na kunisogeza nyuma ya ndizi.

"Kijana wangu, katika usharika huu hesabu anafunga nani?"

"Wewe, Mzee."

"Basi andika zote tatu ni za pedali."