Mfupa mmoja wa Newgrange na taji lisilo lake

Newgrange, kwenye bonde la mto Boyne nchini Ireland, ni kaburi lililofunikwa kwa kilima cha mawe na udongo chenye upana wa mita 85 hivi. Wakulima walilijenga yapata mwaka 3200 KK, piramidi za Giza zikiwa bado. Asubuhi ya siku iliyo fupi kuliko zote, mwezi Desemba, jua hupenya kwenye tundu lililo juu ya mlango. Mwali mwembamba hutambaa sakafuni kwenye ujia wa mita 19, hufika chumba cha ndani, hupanuka kidogo, na baada ya dakika 17 giza hurudi.

Chumbani humo kulipatikana kipande cha fuvu, upande wa sikio, cha mwanamume mtu mzima. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo cha Trinity, Dublin, walitangaza kwamba vinasaba vyake vinaonyesha wazazi wake walikuwa maharimu: ama kaka na dada, ama mzazi na mwanawe. Jamii karibu zote hulikataza jambo hilo, walisema. Waliolihalalisha ni watawala waliojihesabu miungu, kama mafarao wa Misri na wafalme wa Wainka wa Amerika Kusini. Basi huyu naye ni wa ukoo uliotawala. Magazeti yakamvika taji.

Hoja yao si ya kubeza. Jamaa zake wa mbali walionekana katika makaburi ya Carrowmore na Carrowkeel, upande wa pili wa kisiwa. Mawe meupe yanayong'aa yaliyopatikana mlangoni yalitoka milima ya Wicklow, mbali kusini. Kuna aliyepanga, kuna aliyebeba, kuna aliyelisha wabebaji. Halafu kuna ngano ya zama za kati kuhusu Dowth, kilima jirani, inayomtaja mfalme aliyelala na dada yake. Tamu kweli, ila iliandikwa zaidi ya miaka 4,000 baadaye. Mimi siipi uzito.

Mwaka 2025 wanaakiolojia wengine walijibu katika jarida la Antiquity. Kaburi limekuwa wazi tangu 1699, vibarua wa mwenye shamba walipoufumbua mlango wakichimba mawe, kwa hiyo mahali mfupa ulipookotwa si ushahidi wa cheo. Tena waliozikwa katika makaburi ya aina hii mara nyingi hawakuwa ndugu wa karibu, na huo si mtindo wa nasaba inayorithishana kiti. Na mtoto wa maharimu ni mmoja tu aliyeonekana.

Hapo ndipo ninapokubaliana nao. Vinasaba vinasema alivyozaliwa. Havisemi kama watu walishangilia au walificha. Jambo la aibu linaweza kutokea nyumba yoyote.

Hata jasho la ujenzi halidai mfalme. Lothagam, magharibi mwa Ziwa Turkana, wafugaji wa kwanza wa eneo lile walisimamisha nguzo za mawe na kuzika watu wasiopungua 580, wazee kwa watoto, karibu kila mmoja na mapambo yake, bila dalili ya bwana na mtwana. Wapinzani wa ufalme wana kazi moja iliyobaki, nayo si ndogo: kueleza kwa nini Newgrange, kwa ukubwa wote ule, mabaki yaliyopatikana ni ya watu wachache tu. Ukipatikana mfupa wa pili wa aina ile katika kaburi lingine kubwa, nitaanza kuwasikiliza watu wa Dublin kwa sikio jingine.