Haya, Nyasi Zinywe Nini?

Kamati ya mtaa wetu imetoa waraka. Uliingia kwenye kikundi cha WhatsApp usiku, kurasa nne zenye nembo na muhuri, katikati ya Februari, wiki ambayo mifereji ya huku kwetu Nairobi, upande wa Mombasa Road, ilikuwa inakohoa hewa tupu. Kila nyumba iwe na nyasi mbele, theluthi mbili ya eneo lisilojengwa. Nyasi hizo ziwe "kijani mwaka mzima". Mwenye nyumba aweke vinyunyizio vinavyojiwasha vyenyewe kwa saa. Mboga zisionekane mbele ya nyumba. Matangi ya maji yasionekane kutoka barabarani. Mkaidi ataongezewa shilingi 5,000 kwenye ada ya huduma kila mwezi hadi atakapotii.

Chini yake mwenyekiti akaweka kijipicha cha mti na mikono iliyokunjwa kama ya sala.

Tupige hesabu basi, kwa kuwa kamati haikupiga. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Nyasi za kawaida kwenye jua la Februari, ukizitaka zibaki kijani, utazipa milimita nne hivi kwa siku. Uwanja wa mita 100 za mraba, na mtaani kwetu huo si uwanja mkubwa, unakunywa lita 400. Kila siku. Hiyo ni mitungi ishirini ya lita ishirini, na ikifika mwisho wa mwezi umemwaga chini lita 12,000. Bowza zima, yaani lori la maji, la lita 10,000, na bado hujamaliza. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mmoja anahitaji kati ya lita 50 na 100 kwa siku kwa kunywa, kupika, kuoga na kufua. Kwa hiyo nyasi za nyumba moja zinameza fungu la watu wanne wasiojibana, au wanane wanaojibana. Toka getini, tembea kuelekea mtaa wa mabanda wa Mukuru, uone foleni ya mitungi ilivyo, kisha urudi uniambie habari za sura ya mtaa.

Na maji hayo yanatoka wapi? Mengi yanatoka Ndakaini, kule Murang'a, kwenye bwawa lililokamilika mwaka 1994, ambalo likijaa hubeba takriban lita bilioni 70. Yanasafishwa Ng'ethu, yanatiwa dawa, yanateremka kwa mabomba hadi mjini huku mengine yakipotea njiani. Hayatoshi. Ndiyo maana tuna ratiba ya mgao, na ndiyo maana lilichimbwa handaki la zaidi ya kilomita 11 huko huko Murang'a ili tuongezewe. Wenyeji wa kule wamelalamika miaka mingi kwamba mito inapita mlangoni kwao ikienda kuogesha Nairobi. Leo tuwaambie nini, kwamba tulikuwa na haraka ya kuogesha nyasi?

"Lakini tuna kisima," akaandika mweka hazina. Tunacho, na maji yake yana chumvi inayoacha ukoko mweupe kwenye birika. Mwagia udongo wetu maji ya namna hiyo kila asubuhi, halafu usubiri uone mimea itakavyokushukuru. Tena maji ya chini ya ardhi ya Nairobi yamekuwa yakishuka miaka nenda miaka rudi, kwa sababu kila geti lina kisima chake na kila kisima kina mwenye haraka.

Nakubali jambo moja, na nalikubali shingo upande. Udongo mtupu ni balaa. Februari ni vumbi sebuleni, Aprili ni matope hadi kwenye zulia. Na wale waliofunika kila inchi kwa kabro, yale matofali ya kutandaza chini, ili wapate kuegesha gari la tatu walichangia yale tuliyoyaona kwenye mafuriko ya 2024, maana maji ya mvua hayakuwa na pa kuzama yakaja kututembelea vyumbani. Kamati ikitoa waraka kwamba kila kiwanja kifunikwe na kitu kilicho hai au matandazo, na kwamba kabro isizidi kiasi fulani, nitatia sahihi kabla chai haijapoa. Lakini udongo uliofunikwa ni jambo moja, na rangi ya kijani inayolazimishwa kwa faini mwezi wa Februari ni jambo jingine kabisa.

Kinachonikera zaidi ni kwamba nyasi zenyewe zina akili kuishinda kamati. Nyasi za Kikuyu asili yake ni hapa, kwenye nyanda za juu za Afrika Mashariki. Wazungu walizibeba hadi Australia na California, na huko zimekuwa magugu ya kupigana nayo kwa jinsi zisivyotaka kufa. Kiangazi kikija hapa kwao, zinakauka juu na kugeuka rangi ya majani makavu, huku mashina yake yanayotambaa yakiwa hai chini. Mvua ndefu zikianza Machi, unalala uwanja ukiwa kahawia, na baada ya siku chache unatafuta mashine ya kukatia. Zimefanya hivyo tangu kabla reli haijafika Nairobi. Leo zinatozwa shilingi elfu tano kwa kosa la kulala.

Vinyunyizio navyo! Udongo wa huku kwetu ni ule mweusi unaonata, unaovimba ukilowa na kupasuka nyufa za kuingiza mkono ukikauka. Ukishalowa juu, maji hayazami upesi. Vile vya nyumba ya maonyesho karibu na geti vimewekwa kuwaka saa saba mchana, jua la utosi, nusu ya maji inapeperuka na nyingine inatiririka kwenye mtaro. Novemba niliviona vikinyunyiza huku mvua inanyesha. Askari alikuwa amesimama pale na mwavuli akivitazama.

Sasa nifike kwenye matangi, maana hapa ndipo damu inapochemka. Nairobi hupata mvua ya milimita 900 hivi kwa mwaka. Paa la mita 100 za mraba linaweza kukinga lita 90,000. Toa sehemu ya tano kwa yanayomwagika na yale ya kwanza yenye vumbi na kinyesi cha ndege, unabaki na lita 72,000, maji ya bure yasiyo na chumvi wala bili. Unahitaji gata, bomba na tangi. Tangi hilo waraka umelipiga marufuku lisionekane, na kwa viwanja vyetu vya futi hamsini kwa mia, vilivyojengwa hadi kwenye ukuta wa nyuma, hakuna pengine pa kuliweka isipokuwa mbele au ubavuni. Yaani nalazimishwa kumwaga maji na nakatazwa kuyakinga. Nimejaribu kumwelewa aliyeandika vifungu hivyo viwili kwenye ukurasa mmoja, nimeshindwa.

Jirani yangu ni mama mstaafu, mwalimu wa zamani. Ana tangi jeusi la lita 5,000 kando ya baraza, na sukuma wiki zilizopangwa mistari kama watoto wa paredi. Askari kijana alitumwa kwake.

"Shosho, wamesema tangi lifunikwe, na mboga zihamishwe nyuma."

"Nani wamesema?"

"Kamati, Shosho. Mimi nimetumwa tu."

"Sawa, mwanangu, wewe huna kosa. Mwambie mwenyekiti aje mwenyewe. Na aje na ile mitungi yangu miwili iliyoletwa kwake Jumapili imejaa maji, haijarudi."

Waraka wenyewe umenakiliwa, na mnakili hata hakusoma. Kifungu cha 11 kinatutaka tulinde mimea "dhidi ya kuganda kwa baridi kali". Hapa Mombasa Road! Kama ni kunakili Marekani, wangenakili vizuri. Florida, ambako mvua ni nyingi kuliko kwetu, sheria ya jimbo inataka kila mfumo wa kunyunyizia unaojiendesha uwe na kifaa cha kuuzima mvua ikinyesha. Tangu 2009, sheria hiyo hiyo ya jimbo inazuia vyama vya wakazi kumkataza mtu kupanda bustani inayotumia maji kidogo. Nevada, mwaka 2021, walipitisha sheria kwamba kuanzia 2027 maji ya mto Colorado yasimwagiliwe nyasi za mapambo zisizotumiwa na mtu, zile za kando ya barabara na mbele ya maofisi. Wenzetu wanang'oa. Sisi ndio kwanza tunapanda.

Njia zipo na wala si siri. Ua wa miiba ya kayaba ulio nje ya ukuta wetu haujawahi kumwagiliwa na mtu, na hakuna mwizi aliyeupenya. Mti wa mkinduri unatoa kivuli. Mishubiri na vichaka vya leleshwa havijui mgao ni nini. Miche michanga ya miti ipewe mipira ya matone, alfajiri, hadi mizizi ishike, kisha iachwe. Maji ya kuoshea mboga yaende kwenye maua. Mtu akitaka nyasi apande nyasi, ila zikitaka kulala aziache zilale.

Nimemwandikia katibu nikiomba maneno "kijani mwaka mzima" yafutwe, marufuku ya matangi iondolewe, na vinyunyizio viwe hiari ya mwenye nyumba. Amejibu kwamba "suala limepokelewa", na sote tunajua huko linakopokelewa ndiko linakozikwa. Faini sitalipa.

Mkutano mkuu ni Jumamosi, saa nne asubuhi, pale ukumbini. Njooni na bili zenu za maji, na risiti za bowza kama mnaziweka. Nataka zisomwe kwa sauti kabla mwenyekiti hajafungua kikao.