Upepo ni wa Mungu, Misumari ni ya Fundi

"Mama, huo ni upepo wa Mungu. Nani anaweza kushindana nao?"

Hilo ndilo jibu alilopewa mama yangu mdogo kule Newala, siku fundi wake alipoamua hatimaye kupokea simu. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshaanza. Paa la vyumba vitatu na baraza lilikuwa limelala chini ya mikorosho ya jirani, godoro limelowa, na kisima cha uani hakina kitu. Mama mdogo ni mtu wa imani, akanyamaza. Mimi nimeshindwa kunyamaza, maana jibu hilo nimelisikia Mikindani, nimelisikia Mingoyo, nimelisikia Tandahimba, na kila mara linatoka kinywani mwa mtu aliyelipwa kushika nyundo.

Nilikwenda kuliangalia lile paa. Halikuwa limesambaratika. Bati zilikuwa bado zimeshika papi, zile mbao nyembamba zinazopigiliwa bati, papi zimeshika kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba paa, hata kofia ya kileleni ilikuwa mahali pake. Paa zima liliondoka kama lilivyo, likageuka, likatua shambani. Nikapanda ngazi kuangalia juu ya ukuta. Mkanda wa zege, ule unaozunguka juu ya kuta, hakuna. Kozi ya mwisho ya tofali iliishia pale, mbao ikalazwa juu yake na kupigiliwa kwa misumari ya inchi nne moja kwa moja kwenye tofali. Waya wa kufungia hakuna. Kipande cha nondo kilichochomoza kuishika mbao hakuna. Palipokuwa na misumari pamebaki matundu na vumbi la saruji. Misumari yenyewe imeondoka na mbao yake, mingine bado imenyooka. Msumari ulionyooka maana yake haukung'ang'ania chochote.

Watu wengi wanadhani upepo hulisukuma paa kutoka ubavuni. Kinacholing'oa zaidi ni kunyonywa. Upepo ukipita kwa kasi juu ya paa unalivuta kwenda juu, na ule unaoingia barazani, mlangoni na madirishani unalisukuma kutoka chini. Bati ni jepesi, halina uzito wa kujitetea. Kinacholibakiza pale ni kufungwa tu: bati kwenye papi, papi kwenye kenchi, kenchi kwenye mbao ya ukutani, mbao kwenye mkanda, mkanda kwenye ukuta. Sehemu moja ikilegea, uimara wa zile nyingine hausaidii kitu. Kwa mama mdogo bati zilipigwa vizuri kabisa, misumari juu ya migongo, mipira yake imekaa. Fundi alijua kupiga bati. Hakujua kupaua, au alijua na akaona haina haja. Sijui lipi ni baya zaidi.

Pembeni na kwenye ncha za paa ndiko upepo unakovuta kwa nguvu kuliko katikati, kwa hiyo huko misumari inatakiwa ikaribiane. Baraza pana lililo wazi, ambalo sisi wa Kusini tunalipenda na tuna haki ya kulipenda, ni mdomo wa kumezea upepo, kwa hiyo nguzo zake zinatakiwa zishikwe chini kwenye zege na juu kwenye mbao, zisiwe zimesimamishwa tu kubeba. Paa lenye miteremko minne huhimili upepo kuliko lenye miteremko miwili. Haya hayahitaji shahada. Yanahitaji mtu aliyefundishwa, akaulizwa, akaonekana anaweza.

Na nikumbushe jambo moja ambalo tunalisahau. Nyumba za babu zetu, za miti na fito, paa la nyasi au makuti, zilifungwa. Kila fito ilikuwa na kamba yake ya magome, kila mti una fundo. Mzee alikuwa akizunguka nyumba kabla ya masika anavuta kamba moja moja kwa mkono. Ilipokuja misumari tukaacha kufunga. Tukapata bati linalodumu miaka mingi na tukalikalisha juu ya ukuta kwa namna ambayo babu asingekubali hata kwa banda la kuku.

Upepo wenyewe si mgeni kwetu. Lindi ilipigwa na kimbunga Aprili 1952, na wazee walikuwa wakikitaja wanapohesabu umri wa watu. Aprili 2019, Kenneth kilipokuwa kinakuja, Mtwara tuliambiwa tuhame mabondeni. Kikaenda kutua Cabo Delgado, ng'ambo tu ya Ruvuma, kwa watu ambao wengi ni ndugu zetu. Mei 2024 Hidaya kilitukatia barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam. Lakini paa la mama mdogo halikung'olewa na kimbunga chenye jina. Lilikuwa ni dhoruba la jioni moja, la kawaida, la aina inayokuja kila mwaka mvua zikianza. Nyumba za jirani zilibaki na mapaa yake. Mungu yule yule, upepo ule ule.

Kwa nini tunaangukia mikononi mwa watu wa namna hii? Kila aliyekulia huku anajua: pesa na mvua vinafika pamoja. Minada ya korosho inaanza Oktoba, malipo yanaanza kuingia Novemba, na mawingu nayo yanaanza kukusanyika. Kila mwenye kuta anataka paa wiki hiyo hiyo. Magari ya mbao za paini kutoka Mafinga na Njombe yanapanga foleni, maduka ya bati Masasi na Mtwara mjini hayalali, na mafundi wazuri wameshachukuliwa. Waliobaki ni vijana waliowahi kumpelekea fundi mbao juu na sasa wamenunua nyundo. Mwenye nyumba hana muda wa kuuliza. Akichelewa mvua itamlowesha, na pesa ikikaa ndani itaisha kwa mambo mengine. Nakumbuka msimu wa 2018/2019, serikali ilipotangaza kuzinunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na malipo yakachelewa kwa wengi: pesa zilipofika, watu walipaua katikati ya mvua, usiku kwa mchana.

Ningependa kusema fundi atafutwe Julai, kukiwa kikavu. Lakini Julai mkulima yuko kwenye salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, mfuko hauna kitu. Hata hivyo kumtafuta si kumlipa. Julai unaweza kwenda kuangalia nyumba alizopaua, kuwauliza wenyewe kama zilivuja, kupatana bei, kuandikishana, na kumwambia akuonyeshe kwa mkono jinsi atakavyoifunga kenchi ukutani. Na mkanda na nondo zake, hivyo huwekwa na mwashi wakati wa kujenga, kabla fundi wa paa hajafika. Ukingoja Novemba umeshachelewa, kuta zimefungwa.

Sasa nije kwenye jambo linalonichoma zaidi. Nchi hii ina sheria ya usajili wa makandarasi tangu 1997. Kuna Bodi ya Usajili wa Makandarasi, kuna madaraja ya wajenzi wa majengo kuanzia la kwanza mpaka la saba, kuna madaraja ya makandarasi wa kazi maalumu, na orodha ya waliosajiliwa mtu anaweza kuiangalia kwenye tovuti ya Bodi kwa simu yake. Aliyesajiliwa ana kitu cha kupoteza. Akiharibu, kuna mahali pa kumshitaki, na Bodi inaweza kulifuta jina lake. Yule wa mama mdogo angefutwa wapi? Amezima simu, amehamia kijiji kingine, msimu ujao ataitwa fundi tena.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba kandarasi aliyesajiliwa hatakuja Kitangari kupaua vyumba vitatu. Gharama zake ni kubwa, na anazo kazi za kwake, za shule na zahanati. Nakubali pia kwamba cheti hakipigi msumari. Nimeona jengo la kandarasi mwenye kibao kikubwa barabarani likivuja kabla ya kukabidhiwa. Lakini nani anapaua hizo shule na zahanati? Mara nyingi ni fundi wetu wa hapa hapa, aliyechukuliwa kwa kibarua chini ya kampuni ya mtu mwingine.

Namfahamu mmoja, yuko Chikongola, pale Mtwara mjini. Ukimpeleka kwenye nyumba, kabla hajataja bei anazunguka, anaangalia upande wa bahari, anauliza kusi inapiga kutoka wapi, anapima pembe za kuta kama ziko sawa. Bati halikati kwa grinda hata umharakishe vipi, kwa sababu cheche zinaunguza ile rangi na zinki ya juu, na kwa chumvi ya huku kutu inaanzia hapo hapo. Anatumia mkasi, polepole. Kenchi zake zote zimefungwa. Vijana aliowafundisha wametapakaa mpaka Nachingwea. Na hana karatasi hata moja.

"Kaka," aliniambia, "nikimwandikia mteja vyuma vya kufungia kenchi, ananiuliza mbona fundi mwingine hakuviandika. Nikimweleza, anasema namwongezea gharama. Basi anampa yule mwingine kazi, mwakani ananiita mimi kurekebisha."

Nikamuuliza mbona hajisajili. Akasema alishawahi kuuliza, akaambiwa anatakiwa awe na kampuni, awe na mtaalamu mwenye elimu inayotambuliwa, vifaa, ada. Akarudi zake kazini. Mtu kama huyu, mwenye maarifa ambayo kijana hawezi kuyapata popote pengine, tumemwacha nje ya mlango, halafu tunashangaa ndani kuna nani.

Mlango wa kuanzia upo, nami nasikitika kwamba mafundi wengi hawajaambiwa habari zake. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa watu waliojifunzia kazini: fundi anapimwa kwa kazi anayoijua, anafundishwa anapopungukiwa, anapata cheti. Vyuo vya VETA viko Mtwara na Lindi. Ukiwa na cheti hicho wewe bado si kandarasi, lakini ni mtu mwenye jina. Kutoka hapo mafundi wachache, mwashi, wa paa, wa umeme, wanaweza kuungana, wakasajili kampuni BRELA, kwa wakala wa usajili wa biashara, wakapata namba ya mlipakodi, wakamwajiri kijana aliyesomea ujenzi anayekaa nyumbani bila kazi, kisha wakagonga Bodi kwa daraja la chini. Itachukua miaka. Korosho nayo inachukua miaka, na tunaipanda.

Kwa mwenye nyumba: usinunue bati kwa rangi. Angalia geji, yaani kipimo cha unene: geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 kuliko 32, na anayekuambia zote ni sawa anataka kuuza alizonazo. Angalia alama iliyopigwa kwenye bati lenyewe na nembo ya TBS, Shirika la Viwango. Mbao ziwe zimetiwa dawa, mchwa wa huku hawana huruma. Haya mapaa ya kuficha, yanayojificha nyuma ya ukuta, yanayoingia mjini siku hizi siyapendi kwa mvua zetu, ila hiyo ni pesa ya mtu.

Mkataba wa ukurasa mmoja unatosha: jina kamili la fundi na anapoishi, kenchi ngapi, zitafungwa kwa nini, misumari ya aina gani, mfereji wa maji utaelekea wapi, malipo kwa hatua, na sehemu ya fedha inayobaki mpaka paa lipate mvua ya kwanza. Saini mbele ya mwenyekiti wa mtaa au mtendaji wa kijiji. Wazee wetu watasema kuandikishana na mtoto wa jirani ni kumdharau. Mimi naona anayedharauliwa ni mama aliyeuza korosho za mwaka mzima, akalipa, na hana hata kipande cha karatasi cha kumwonyesha mtendaji. Mfereji nimeutaja kwa makusudi. Huku uwandani Newala na Tandahimba paa ndilo linalojaza kisima. Lililovuja au kung'oka Desemba ni ndoo za kununua maji mpaka msimu mwingine, na anayezibeba kichwani ni mama au binti.

Halmashauri zetu zinachukua ushuru wa korosho kila msimu, na zinatoa vibali vya ujenzi. Naziomba kwenye kibali ziongeze mstari mmoja: nani atapaua, na cheti chake ni cha wapi. VETA nao, badala ya kungoja fundi wa Kitangari au wa Liwale apande basi kwenda mjini, wapeleke wapimaji huko Juni hadi Agosti, kabla ya minada, waanze na wale ambao vijiji vyenyewe vinawajua kwa kazi. Na vyama vya msingi vya ushirika, vinavyokutana na kila mkulima kwenye mizani, vibandike majina ya waliofaulu pale pale ghalani.

Mama mdogo ameshapata fundi mwingine. Safari hii mkanda unamwagwa kwanza, nondo zinaachwa zikichomoza, na karatasi iko kwa mtendaji.