Anayejiondoa Hajakukosea

Wafanyabiashara wengi huitaja idadi ya anwani za barua pepe za wateja wao kama mfugaji anayehesabu ng'ombe zizini. Wangapi kati yao bado wako hai, hilo hawajiulizi. Nami nilikuwa hivyo hivyo. Siku nilipoamua kusafisha orodha yangu, kidole kilisita juu ya neno "futa" kana kwamba nafukuza wateja dukani. Wengi wao walikuwa wameshaondoka zamani, nilibaki na majina tu.

Anwani hufa kimyakimya. Mtu anaacha kazi, anwani ya ofisini inafungwa. Mwingine alikosea herufi siku ya kujisajili. Tangu Desemba 2023, Google nayo imeanza kufuta akaunti binafsi ambazo hazijatumika kwa miaka miwili. Ukituma barua kwenye anwani isiyokuwepo, seva ya upande wa pili, yaani kompyuta inayopokea barua, hukujibu kwa namba inayoanza na 5, mara nyingi 550. Hiyo ni hapana ya moja kwa moja, kwa hiyo futa siku hiyo hiyo. Namba ikianza na 4, tatizo huenda ni la muda, labda kisanduku kimejaa, basi ngoja ujaribu tena. Hapo hakuna fumbo, ni uvivu wetu tu.

Kazi yenyewe iko kwa walio hai. Nimeona barua za biashara ambazo kiungo cha kujiondoa kwenye orodha kimefichwa mwisho kabisa, kwa maandishi ya kijivu juu ya kijivu, na ukikibofya unadaiwa nywila uliyoisahau. Aliyebuni hivyo anadhani amemzuia mteja asiondoke. Mteja aliyechoka hahangaiki kutafuta kiungo, anabofya "ripoti taka" na kuendelea na shughuli zake, nawe umeshachongewa kwa mwenye huduma ya barua.

Na uchongezi huo una uzito. Kuanzia Februari 2024, Google inawataka wanaotuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku kwenda Gmail wathibitishe utambulisho wao kwa SPF, DKIM na DMARC (mipangilio inayoonyesha kwamba barua imetoka kweli kwa mwenye jina hilo), waweke njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja, na wahakikishe malalamiko hayafiki asilimia 0.3. Yahoo nayo iliweka masharti yanayofanana. Hesabu mwenyewe: watu watatu kwa kila elfu wakikuripoti, umeshafika ukingoni. Ukivuka hapo, hata yule anayesubiri barua yako kwa hamu huenda asiione, maana itatupwa kwenye taka pamoja na nyingine. Ndiyo maana nasema anayejiondoa kwa kubofya kiungo amekufanyia hisani. Angeweza kukuchongea.

Vipi kuhusu wanaokaa kimya? Wengi hutazama nani amefungua barua, jambo linalojulikana pale picha iliyomo inapopakuliwa, lakini kipimo hicho kimeharibika. Tangu Septemba 2021, Apple inawapa watumiaji wa programu yake ya barua kinga ambayo hupakua picha za barua mapema, hivyo barua huonekana imefunguliwa hata kama mwenyewe hajaigusa. Siku hizi mimi natazama waliobofya, waliojibu na walionunua. Aliyenyamaza miezi sita namwandikia mara mbili, kwa lugha ya kawaida, kumuuliza kama bado anataka barua zangu. Asipojibu, namtoa. (Kuna anayesema miezi sita ni michache. Kwa anayeuza majokofu, labda kweli.)

Kununua orodha ya anwani sitaki hata kulijadili. Humo mna mitego, yaani anwani ambazo hazikuwahi kuwa za mtu yeyote, zilizotegwa makusudi kumnasa anayetuma bila ruhusa.

Jambo moja nilijifunza kwa aibu. Ukimtoa aliyejiondoa, usiipoteze kabisa anwani yake. Iweke kwenye orodha ya pembeni ya watu wasioandikiwa. Mimi sikuwa nayo. Nilipohamia programu nyingine nilipakia faili la zamani lililokuwa kwenye kompyuta, na kila aliyewahi kuniaga akarudishwa kundini bila kuulizwa. Asubuhi iliyofuata nilikuta jibu la mteja mmoja, lenye maneno mawili: "Nilishaaga, ndugu."