Programu ya zabuni itunze ushahidi kwanza, kuandika kuje baadaye

Kampuni zinazotengeneza mifumo ya shule zinapojibu zabuni za Serikali, kilio chao kikubwa ni muda. Nyaraka ni nyingi, jedwali la mahitaji ni refu, na saa ya mwisho ikifika NeST, mfumo wa Serikali wa ununuzi kwa mtandao, inafunga. Hakuna afisa ununuzi wa kumpigia simu umwombe dakika tano. Ndiyo maana programu za kusaidia kujibu zabuni zimeanza kupata soko, hasa zile zinazonadi kwamba akili unde itakuandikia majibu yote ukiwa unakunywa chai. Kazi yangu ni kuandaa zabuni za mifumo ya elimu hapa Dar es Salaam, na ninazitaka programu hizo kuliko mtu yeyote. Lakini naona tunakimbilia kununua mwandishi, wakati pengo letu liko kwenye kutunza ushahidi wa tunachokisema.

Chukua mstari mmoja tu wa jedwali la mahitaji, ambao ni nadra kuukosa kwenye zabuni ya mfumo wa shule: mfumo ufanye kazi hata pasipo intaneti. Pembeni mzabuni anatakiwa kujaza: unakidhi, unakidhi kwa sehemu, au haukidhi, kisha maelezo. Mpe akili unde mstari huo, nayo itakupa aya safi kabisa: kumbukumbu zinahifadhiwa kwenye kifaa, mtandao ukirudi zinatumwa zenyewe kwenye seva, mwalimu hapotezi chochote. Sasa kaa na kijana aliyeandika sehemu hiyo ya mfumo. Atakwambia mahudhurio yanaingia bila mtandao, ila alama za mitihani bado. Atakwambia mwalimu ni lazima kwanza awe ameingia kwenye akaunti akiwa na mtandao, na simu ikikaa muda mrefu bila kutuma, akaunti inamtoa na kumdai nywila upya. Atakwambia walimu wawili wakijaza darasa moja kwa simu mbili, kazi ya aliyetuma mwisho ndiyo inayobaki na ya mwenzake inafutika. Yote hayo ni kweli kuhusu mfumo huohuo, na jibu la haki kwenye jedwali lilikuwa "unakidhi kwa sehemu", pamoja na tarehe ambayo sehemu iliyobaki itakamilika.

Kamati ya tathmini haiwezi kuliona hilo kwenye karatasi. Atakayeliona ni mwalimu wa taaluma kwenye shule isiyo na mtandao wa uhakika, mwisho wa muhula, ripoti za wazazi zikisubiriwa. Na ieleweke kwamba majibu ya mzabuni aliyeshinda hayaachwi nyuma baada ya tuzo. Yanaingia kwenye mkataba, na kila "unakidhi" iliyoandikwa usiku wa manane ni deni ambalo kampuni itadaiwa.

Los Angeles waliyaona makubwa ya namna hii. Mwaka 2013 wilaya ya shule ya jiji hilo ilianza mpango wa kuwapa wanafunzi iPad za kampuni ya Apple zilizowekewa masomo ya kampuni ya Pearson. Wakati wa ununuzi wilaya ilionyeshwa sampuli, masomo kamili yakiwa bado yanatayarishwa. Mwaka 2014 mkataba ulisitishwa, huku pia maswali yakiibuka kuhusu mawasiliano ya viongozi wa wilaya na kampuni hizo kabla ya zabuni. Mwaka uliofuata wilaya ilidai kurudishiwa fedha, na suala likamalizwa kwa makubaliano ya takriban dola milioni 6.4. Hiyo ni wilaya yenye wanasheria wa kutosha. Halmashauri zetu ngapi zina uwezo wa kufuatilia ahadi iliyoandikwa kwenye ukurasa wa themanini?

Kwa hiyo nikiulizwa programu ya zabuni ifanye nini, naanza na hili: kila jibu lililotunzwa liwe na mwenyewe, liwe na tarehe, na liwe na kielelezo. Mwenyewe ni mtu wa ndani ya kampuni anayelijua jambo hilo kwa mikono yake, na ndiye wa kulithibitisha kabla halijatoka. Kielelezo ni ripoti ya majaribio, picha ya skrini, au barua ya shule inayotumia mfumo. Jibu lisilo na kielelezo programu ikatae kuliweka kwenye rasimu, hata kama limeandikwa vizuri namna gani. Na jibu liwe na siku ya kuisha, kama zilivyo leseni.

Hiyo siku ya kuisha si jambo dogo kwenye elimu. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutekelezwa Januari 2024 kwa awamu, na madarasa hayakubadilika yote kwa pamoja. Kampuni iliyoandika mwaka 2022 kwamba maudhui yake yanafuata mtaala ilikuwa inasema kweli. Ikinakili sentensi hiyohiyo leo, inaweza kuwa inadanganya bila mtu yeyote kukusudia. Vivyo hivyo na taarifa za wanafunzi: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na kabla ya hapo majibu mengi kuhusu faragha yalikuwa maneno mazuri tu. Sasa kuna Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na kuna usajili. Majina ya watoto, alama zao na namba za simu za wazazi wao si vitu vya kujibiwa kwa aya ya mwaka juzi.

Vyeti na leseni navyo vinahitaji ukumbusho. Hapa NeST imetusaidia sana, maana inasomana na mifumo ya TRA (Mamlaka ya Mapato) na BRELA (wakala wa usajili wa kampuni), na safari za kubeba nakala zenye mihuri zimepungua. Hata hivyo barua za uzoefu, wasifu wa wataalamu na hati ya kumteua msaini bado tunazitafuta kwenye barua pepe ya mtu ambaye pengine ameshaacha kazi. Utamaduni wetu ni faili linaloitwa "zabuni mwisho kabisa 2", na wote tunajua kwamba lipo la tatu.

Gharama ya zabuni kuharibika kwenye sifa za mzabuni majirani zetu wanaijua. Serikali ya Jubilee nchini Kenya iliingia madarakani mwaka 2013 na ahadi ya kompyuta mpakato kwa watoto wa darasa la kwanza. Tuzo ilikwenda kwa Olive Telecommunication ya India, na mwaka 2014 bodi ya kusikiliza malalamiko ya zabuni ikaifuta baada ya washindani kuhoji sifa za kampuni hiyo, uwezo wake wa kifedha ukiwemo. Vifaa, safari hii vikiwa tableti, vilianza kufika shuleni mwaka 2016. Mtoto aliyeahidiwa kompyuta akiwa darasa la kwanza alikuwa tayari amepanda madarasa.

Programu kubwa za kazi hii zipo, kwa mfano Loopio ya Kanada na Responsive ya Marekani, ambayo zamani ikiitwa RFPIO. Wazo lao la kuwa na hazina ya majibu yanayopitiwa na wahusika kila baada ya muda ni zuri, na vijana wetu wanaoandika programu wanaweza kulijenga hapa kwa kufuata hatua za Sheria yetu ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023. Akili unde nayo ina nafasi yake: isome nyaraka, itoe kila sharti lililojificha kwenye aya, ionyeshe lipi halijajibiwa, na ipendekeze jibu kutoka kwenye hazina tu. Ninachokikataa ni kumwaga nyaraka za zabuni, bei na wasifu wa wafanyakazi kwenye huduma ya bure ya mtandaoni ambayo hatujui inavihifadhi wapi.

Upande wa wanunuzi nao una la kufanya. Jedwali la mahitaji litolewe kama jedwali, si picha ya karatasi iliyoskaniwa ambayo tunaichapa upya neno kwa neno na kukosea namba. Na kwa mahitaji machache yanayogusa darasa moja kwa moja, kama hilo la kufanya kazi bila intaneti, nyaraka za zabuni ziweke wazi tangu mwanzo kwamba tathmini ya kiufundi itakuwa na jaribio: wazabuni waliofika hatua hiyo walete simu, zizimwe data, mwalimu aingize alama za mkondo mmoja, kisha data ziwashwe na kamati ihesabu alama zilizofika. Mzabuni anayejua jaribio hilo linamsubiri ataandika jibu la kweli tangu siku ya kwanza.