Valium haimalizi woga wa Goma

Bati likidondoka usiku pale Ndosho, mtaa wa Goma, moyo unaruka kabla mtu hajajua kwamba ni bati. Sikio limeshaishtua amigdala, kifundo kidogo cha ubongo kisichongoja maelezo. Sehemu nyingine ya ubongo, haipothalamasi, inamwaga homoni iitwayo CRH. Ni peptidi, yaani mnyororo mfupi wa asidi amino 41, ambayo mtafiti Wylie Vale na wenzake waliitambua mwaka 1981. CRH inaamsha tezi ya pituitari, pituitari inatuma homoni nyingine, ACTH, kwenye damu, na tezi zilizo juu ya figo zinatoa kotisoli, homoni ya msongo, ambayo hufika kileleni baada ya dakika 20 hadi 30 hivi. Bati limeshaokotwa zamani, lakini mwili ndio kwanza umepamba moto.

Kwenye kartie zetu bado tunaambizana kwamba mtu wa kushtukashtuka ana roho dhaifu, au amelogwa, au imani yake imepungua. Si kweli, na maneno hayo yanaumiza. Mbali na kuamsha homoni, CRH hupeleka ujumbe kati ya seli za amigdala yenyewe: usingizi unakatika, chakula hakipiti, mtu anakwepa njia aliyozoea, anamkaripia mtoto kwa kosa dogo. Peptidi nyingine, PACAP, inachochea mfumo huohuo. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani waliikuta kwa wingi katika damu ya wanawake wenye dalili kali za kiwewe, kwa wanaume hawakuona hivyo. Breki nayo ipo, inaitwa nyuropeptidi Y.

Goma yenyewe imo katika sayansi hii. Utafiti uliotolewa mwaka 2016 uliwapima akina mama 24 waliojifungulia hapa pamoja na watoto wao wachanga. Mateso waliyopitia akina mama yaliendana na alama za kikemia kwenye jeni ya CRH na nyingine za mfumo huo, hadi kwenye damu ya kitovu. Ni watu wachache, na alama hizo hazimaanishi kwamba mtoto ameharibika. Lakini baada ya hapo, nani atamwambia mama wa Kivu ajikaze tu?

Ndiyo maana nachukizwa na mazoea ya kununua valium farmasi bila karatasi ya daktari. Dawa hiyo, diazepamu, inaongeza nguvu ya GABA, kitulizaji cha ubongo. Haiifundishi amigdala kwamba hatari imepita. Ukiimeza kila siku kwa wiki kadhaa, ubongo unaizoea. Ukiiacha ghafla, woga unarudi mkubwa kuliko wa mwanzo, na hata degedege linaweza kukupata. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2013 kwamba dawa za kundi hili zisitumike kutibu dalili za kiwewe katika mwezi wa kwanza. Aliyekwisha kuzoea asiache peke yake: daktari ampunguzie kidogokidogo, kwa mfano sehemu moja ya kumi kila wiki mbili. Kanyanga, pombe yetu kali, ni mtego wa namna hiyohiyo. Kwa panya waliozoeshwa pombe, CRH ilipanda ndani ya amigdala saa chache baada ya kunyimwa.

Kidonge cha kuzima CRH yenyewe? Makampuni yalijaribu kuziba kipokezi chake, majaribio ya sonona na ya kiwewe yakashindwa. Na akikushauri mtu ukapime kotisoli ili kuthibitisha kiwewe, okoa pesa zako: inabadilika kwa saa, na wengi wenye kiwewe wanayo ya kawaida au pungufu.

Usiku wa leo, mtu akishtuka, akae ameegemea ukuta, avute hewa puani kwa hesabu ya 4, aitoe kwa hesabu ya 6, dakika 5. Wengi wanakosea kwa kuvuta kwa nguvu na haraka: kabonidayoksaidi, hewa tunayoitoa, inapungua mno mwilini, vidole vinakufa ganzi, kichwa kinazunguka, mtu anadhani anakata roho. Apunguze kasi, asiongeze pumzi.

Hiyo ni huduma ya kwanza tu. Tiba tunayo ushahidi wake kutoka hapahapa. Mwaka 2013 yalitoka matokeo ya wanawake wa mashariki mwa Kongo walionusurika ubakaji. Waliopata vikao 12 vya tiba ya mazungumzo, kimoja cha peke yao na 11 vya kikundi, waliongozwa na wasaidizi wa kisaikolojia na kijamii Wakongomani, wale tunaowaita APS. Baada ya miezi 6, asilimia 9 tu walibaki na dalili za sonona au wasiwasi mkubwa. Kwa waliopewa msaada wa kawaida wa mtu mmojammoja, asilimia 42. Kwa hiyo pesa ziende kwa APS: wafundishwe, walipwe kila mwezi, wasihamishwe katikati ya vikao. Kumfungulia mtu kumbukumbu zake kwa vikao viwili kisha kumwacha ni kumtonesha kidonda.

Anayeshtukashtuka zaidi ya mwezi, au anayezungumzia kujiua hata mara moja, apelekwe Tulizo Letu, kituo cha magonjwa ya akili cha hapa Goma, au kituo cha afya kilicho karibu. Asindikizwe na mtu anayemwamini, na abebe vidonge vyote anavyomeza, hata vile viwili vilivyobaki kwenye kikaratasi.